Sanduku la Erasmus Linanyamaza

Rulenge,
11 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie na Baba shikamoo yake. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku asubuhi inauma masikio. Sisi wa kidato cha nne tumeambiwa hatutakwenda likizo ya Septemba, tutakaa kambi mpaka mtihani wa Novemba. Kwa hiyo itabidi tuandikiane. Dereva wa gari la misheni amekubali kuziacha barua zangu dukani kwa kaka Haji, Biharamulo mjini, na za kwako atazichukua hapohapo. Simu ya matroni ni ya dharura tu. Nilimwomba nipige kuuliza kama sanduku la Erasmus linasema, akauliza, "Kuna mgonjwa?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi hiyo siyo dharura."

Kwangu ni dharura. Mtu asiyemjua mdogo wangu Erasmus akiona hafungui mdomo hudhani hasikii. Tangu malaria ile iliyompanda kichwani akiwa na miaka minne hatujamsikia sauti, lakini wewe na mimi tunajua kwamba anasikia hata mbuzi akikohoa zizini. Sasa ana miaka tisa na hajakaa darasani hata siku moja. Mwalimu wa darasa la watoto wenye mahitaji maalumu alisema atampima mwezi huu. Akiona mtoto anaweza kujibu, atamwandikisha aanze Januari. Ndiyo maana nililifanyia haraka lile sanduku likizo ya Juni.

Naomba uniambie ukweli kuhusu jambo moja. Programu niliiandika mimi hapa shuleni, Sista Deodata akinisimamia, na kaka Haji akaunga waya na vitufe. Erasmus akibonyeza, sanduku linasema neno kwa sauti yangu. Lakini maneno yote yamo kwenye ile kadi ndogo kama ukucha. Kadi isiposomeka, tuna kopo la plastiki tu. Siku ile naondoka liligoma mara moja asubuhi, kisha likasema. Limegoma tena?

Binti yako,
Anneth


Runazi,
25 Agosti 2024

Mwanangu Anneth,

Marahaba. Barua yako imefika. Sisi hatujambo, maharage yamekauka vizuri na Baba yako amemaliza kuezeka banda.

Sanduku linasema. Usihangaike nalo. Nalitunza kama ninavyotunza vitu vyote vya maana katika nyumba hii, wala halijadondoka wala halijalowa. Mwalimu bado hajatuita. Akituita nitakuandikia.

Ila kuna kitu kimoja. Kile kitufe cha "Subiri" kiondoe. Juzi jirani alimwuliza Erasmus kama amekula, akambonyezea "Subiri." Mwanamke wa watu alishika kiuno. Mtoto hamwambii mtu mzima asubiri. Weka "Shikamoo" mahali pake, hapo utakuwa umemfundisha adabu.

Wewe soma. Hesabu zako za muhula uliopita hazikunifurahisha. Sanduku ni langu, mtihani ni wako.

Mama yako,
Marsiana


Biharamulo mjini,
6 Septemba 2024

Binti Injinia,

Salaam aleikum, au kwa lugha ya huko kwenu, Tumsifu Yesu Kristu. Haji hapa, fundi simu.

Mama yako ameniomba nisikuandikie. Mimi nimesema ndiyo mama, halafu nimetafuta kalamu. Usinichongee.

Sanduku limegoma. Halijaanza leo. Amelileta hapa mara kadhaa, kila safari kutoka Runazi kwa bodaboda, na jana alikaa kwenye benchi langu akalia mpaka wateja wakadhani nimemharibia simu. Mwalimu alishawaita mwezi wa nane. Walikwenda. Akamwuliza mtoto jina lake, Erasmus akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Mwalimu akaandika kwamba mtoto hajibu, akaita mwingine. Mama hakukwambia kwa sababu ya mtihani wako.

Sasa ya ufundi. Usinitazame mimi. Waya nimezipima zote, ziko sawa. Hapa dukani mgonjwa huyu hana ugonjwa. Nikilipokea natoa kadi, naipangusa kwenye shati, nairudisha, nawasha, linaongea kama kasuku. Mama analibeba anafurahi. Likikaa Runazi siku mbili tatu, halitamki hata "maji." Kwa hiyo ama kosa liko kwenye programu yako, ama sanduku haliipendi Runazi.

Fikiri haraka, mdogo wangu.

Kaka yako,
Haji


Rulenge,
10 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo.

Nimejua. Usimkasirikie aliyenieleza.

Sijui niandike nini ambacho si utovu wa adabu. Umenificha kwa kunipenda, najua. Lakini Mama, mimi sanduku silioni. Niko mbali nalo na siwezi kuligusa. Macho yangu huko ni wewe. Ukiniambia linasema, mimi hapa naacha kutafuta kosa, na wiki mbili nzima zimepita hivyo. Nikifungua kitabu cha Baiolojia namwona Erasmus mbele ya mwalimu anabonyeza, na mimi nimenyamaza. Ile ni sauti yangu. Ni mimi niliyekataa kumjibia ndugu yangu.

Nakueleza kosa linaweza kuwa wapi, ili tutafute pamoja. Ndani ya programu kuna kipande kinachoitwa kiendeshi. Kazi yake ni kwenda mlangoni kwa kadi. Kwanza kinatazama kama kuna kadi kwenye tundu lake. Kuna swichi ndogo humo inayojibu hilo. Kisha kinapiga hodi. Kadi ikiitika, kinaingia na kuchukua maneno. Isipoitika, kinaandika "hakuna kadi" na kwenda zake, na sanduku linakaa kimya mpaka lizimwe. Nadhani ile swichi inachezacheza, hivyo kiendeshi kinadhani nyumba haina mtu.

Nimemtumia kaka Haji programu mpya kwenye flashi. Sasa sanduku likigoma, taa nyekundu itapepesa. Ikipepesa mara moja, halioni kadi kabisa. Ikipepesa mara mbili, limeiona kadi, limepiga hodi, na kadi haikuitika. Tafadhali tazama taa, uniandikie kile ulichokiona, hata kama ni kibaya. Hata kama kitanitoa machozi.

Binti yako,
Anneth


Runazi,
22 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikwenda kuisomea shambani.

Haya, ukweli ndio huu. Sanduku linagoma asubuhi nyingi kuliko zile linazosema. Jioni likiwa limekaa mezani kutwa, wakati mwingine linaamka. Taa inapepesa mara mbili. Nimeitazama kila siku tangu Haji aingize programu yako, na sijaona ikipepesa mara moja.

Nilirudi kwa mwalimu nikamwomba. Si mtu mbaya, ana watoto wengi na nafasi chache. Amesema atamwona tena tarehe 18 Oktoba, na baada ya hapo majina yanakwenda wilayani na hawezi kuongeza mtu. Mwakani Erasmus atakuwa na miaka kumi. Alinitazama usoni akasema, "Mama, hawaanzi wakiwa wakubwa hivyo."

Baba yako amesema sanduku likinyamaza siku hiyo, basi. Mtoto atachunga mbuzi na watu waache kumtazama kama mnada. Usidhani William hampendi mwanawe. Siku ile ya kwanza alikuwa nje ya dirisha la ofisi, aliona yote.

Kuna jingine ambalo sikutaka kuliandika. Juzi nilimtafuta Erasmus nikamkuta zizini. Lile sanduku alikuwa amemvisha mbuzi shingoni kwa kamba yake. Tangu siku hiyo halibebi tena mpaka nimvishe mwenyewe.

Sasa nimekwambia. Usilie darasani.

Mama yako,
Marsiana


Rulenge,
25 Septemba 2024

Kaka Haji,

Shikamoo.

Nilikosea. Siyo swichi. Mama ameona taa ikipepesa mara mbili kila siku, maana yake sanduku linaiona kadi, na kadi ndiyo haiitiki. Nimeijaribu programu hii hapa kwa kadi ya shule kutwa nzima ya Jumamosi, nikizima na kuwasha mpaka Sista Deodata akaniambia nitaivunja swichi ya watu. Haijagoma hata mara moja. Hapa inasema, kwako inasema, Runazi inanyamaza. Programu ni ileile na waya ni zilezile. Nimeishiwa, kaka. Sista ananihimiza nirudi kwenye masomo, na ana haki. Jana niliandika majibu ya Fizikia kwenye karatasi ya Kiingereza.

Naomba kitu kimoja. Mama akikuletea tena, usiifanye ile kazi yako ya kwanza. Usitoe kadi. Usiipanguse. Usipulize. Liwashe kama lilivyotoka Runazi, ndipo uniambie umeona nini. Nina hofu kwamba kila likifika kwako tunamfuta mgonjwa jasho halafu tunasema hana homa.

Mdogo wako,
Anneth


Biharamulo mjini,
2 Oktoba 2024

Binti Injinia,

Marahaba. Tangu nianze ufundi hakuna mteja aliyenikataza kugusa, lakini nimekusikia. Nimekaa juu ya mikono yangu kama mtoto wa madrasa.

Niliwasha. Kimya. Mara mbili nyekundu. Nikazima, nikawasha. Kimya. Mama yako kanitazama, mimi nimemtazama mama yako. Ndipo nikatoa kadi, nikaipangusa, nikairudisha. Likasema, "Naumwa," maana kidole changu kilikuwa kwenye kitufe hicho. Hata mimi liliniogopesha.

Kwa hiyo nakubali, dawa yangu ndiyo iliyokuwa inakupoteza. Nilikuwa natibu kabla ya kupima.

Nimeweka kadi mpya na kunakili maneno yako yote humo. Ile kadi ya akiba, yenye maneno yaleyale, niliyoibandika chini ya kifuniko nimeitoa pia. Ilikaa ndani ya sanduku tangu Juni na haijapanguswa na mtu. Nakutumia hiyo ndani ya bahasha, nimeifunga kwenye karatasi. Itazame wewe mwenye macho ya shule. Kama kadi za bei hii ni takataka, niambie niache kuziuza.

Tarehe 18 inakuja na mimi siipendi.

Haji


Rulenge,
6 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naandika haraka, gari la misheni linaondoka kesho alfajiri na sijui litapita Biharamulo siku gani, maana lina mizigo ya kushusha Ngara kwanza.

Kaka Haji alinitumia ile kadi ya akiba iliyokuwa ndani ya sanduku. Ile miguu yake midogo ya rangi ya dhahabu imekuwa ya kahawia, kama meno ya mvuta kiko. Nilipitisha kidole, kikatoka na weusi. Tecla, anayelala kitanda cha juu yangu, alikuwa anachungulia. Akainusa akasema, "Mbona kadi yako inanuka mahindi ya mbegu?"

Mama, nilikaa chini.

Barua zako zote zinanuka hivyo. Wasichana bwenini hunicheka, husema mama yangu hukausha barua kama samaki. Mimi nilikuwa naziweka chini ya mto kwa sababu ya harufu hiyo. Sikuuliza inatoka wapi, kwa kuwa ninajua inatoka wapi. Usiku sanduku linalala juu ya uchaga, juu ya mafiga, siyo? Pamoja na mbegu za mahindi, na vyeti vyetu vya ubatizo, na karatasi zako za kuandikia. Kila kitu cha maana katika nyumba yetu kinalala pale, moshi ukilinde na wadudu. Uliniandikia mwezi wa nane kwamba unalitunza kama vitu vyote vya maana, nami nikasoma nikaridhika. Nimekulia chini ya uchaga huo na sikufikiri hata mara moja. Usijilaumu. Ungelificha mahali pengine ningekuuliza kwa nini hulithamini.

Moshi unaofukuza fukusi unaacha masizi kwenye miguu ya kadi. Asubuhi kukiwa na unyevu, kadi inasikia hodi lakini sauti yake haifiki vizuri mlangoni. Kaka Haji alikuwa anaipangusa kwenye shati, basi inapona.

Lakini moshi si kosa lote, na hapa ni mimi. Kiendeshi nilichokiandika kinapiga hodi mara moja tu. Mara moja, halafu kinaandika "hakuna kadi." Wewe umenifundisha tangu sijajua kusoma kwamba hodi ni mara tatu, na katikati unatulia, kwa sababu mwenye nyumba anaweza kuwa jikoni au anavaa. Niliandika programu isiyo na adabu hiyo. Jana nimeirekebisha. Sasa inapiga hodi, inatulia, inapiga tena, inakata umeme wa kadi na kuuwasha upya, inapiga tena. Nimeijaribu kwa kadi hii chafu. Inachelewa, Mama, inachelewa sana kuliko zamani, lakini mwishoni kadi inaitika. Na kama Erasmus atabonyeza wakati inasubiri, itakumbuka alichobonyeza mwisho na kukisema ikishaingia.

Programu ya kaka Haji iko kwenye flashi ndani ya bahasha hiihii. Lazima aiingize kabla ya tarehe 18. Sanduku lisilale tena juu ya moshi.

Kitufe cha "Subiri" sikupata muda wa kukibadilisha, nisamehe. Mwambie Erasmus asikiguse mbele ya mwalimu.

Kama barua hii itachelewa, sijui nitasema nini kwake.

Binti yako,
Anneth


Runazi,
20 Oktoba 2024

Mwanangu Anneth,

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ilichelewa. Tulitoka Runazi tarehe 18 gizagiza, sanduku likiwa limelala kwenye moshi kama kawaida, kwa kuwa sikujua. Baba yako alikuja pia. Alisema anakwenda mjini kutafuta dawa ya mbuzi. Hakununua dawa yoyote.

Tulipita kwa Haji nimwombe aliguseguse tu. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango, na bahasha yako aliipokea jioni iliyotangulia. Akachomeka waya, akaingiza programu yako huku midomo ikisoma dua. Nikamkumbusha kupangusa kadi. Akasema hiyo ni mpya, mama, haina shida, kimbia. Barua yako niliisoma kwenye benchi la ofisi ya mwalimu. Nilipofika penye uchaga, nililitazama sanduku shingoni mwa Erasmus. Kadi mpya nayo ilikuwa imelala kwenye moshi tangu Haji aliponipa. Nikataka niitoe niipanguse, mlango ukafunguliwa, tukaitwa, nikaliwasha sanduku huku tunaingia.

Mwalimu akamwuliza, "Unaitwa nani?" Erasmus akabonyeza. Kimya. Kidole chake kikahamia kitufe kingine. Nilijua umeniambia itachelewa, lakini kuambiwa ni kitu kimoja na kukaa pale ni kingine. Mwalimu akatazama sanduku, akatazama saa ya ukutani, akashika kalamu. Nikasema, "Mwalimu, linapiga hodi." Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Dirishani nikaona kofia ya Baba yako.

Kalamu ilikuwa imegusa karatasi. Ndipo sanduku likasema, kwa sauti yako, kali kabisa, "Subiri."

Nilifumba macho. Aibu ilinishika mpaka miguuni. Mtoto wa miaka tisa, mbele ya mwalimu, na mimi nilimkataza asubuhi hiyohiyo. Nikaanza kumwombea radhi.

Mwalimu akasema, "Mwache mama." Akaiweka kalamu. Akakunja mikono, akamwambia Erasmus, "Haya. Nasubiri."

Erasmus akabonyeza tena, sanduku likasema, "Naitwa Erasmus."

Akamwuliza kama mimi ni shangazi yake. "Hapana." Kama mimi ni mama yake. "Ndiyo." Kama ana kiu. "Maji," na mwalimu akainuka mwenyewe akamletea. Kisha akamwuliza kama anataka kuja shule. Hapo Erasmus alikaa muda mrefu bila kujibu, nami nikasema moyoni, kadi imekufa tena. Haikuwa kadi. Kidole hakikuwa kimegusa kitu. Alikuwa anafikiri, mwanangu. Hakuna mtu aliyewahi kumpa nafasi hiyo ya kufikiri, hata mimi. Mwalimu naye hakumharakisha. Halafu akabonyeza "Ndiyo."

Ameandikwa. Ataanza Januari, muhula mmoja wa majaribio, na mwalimu amesema aje na sanduku lake.

Tulipotoka Baba yako alikuwa amesimama mbali karibu na bendera, anajifuta shingo kama ni jua. Jana nilimwita aje kula, yuko zizini na Erasmus. Nikasikia sauti yako kutoka huko: "Subiri." Nikadhani ni mtoto. Nikaenda na mwiko. Ni William aliyekuwa amebonyeza.

Sanduku sasa linalala kabatini, limefungwa kwenye kitenge changu kipya. Mbegu zimebaki kwenye uchaga. Karatasi hii nimeiacha hukohuko na mbegu, ili ikufikie na harufu yake.

Kitufe usikiondoe. Soma sasa. Sitakuficha tena kitu: leo asubuhi sanduku lilikaa kimya, na sote wanne, ukimhesabu mbuzi, tulikaa tukalisubiri.

Mama yako,
Marsiana